Mwisho Nilioushona Mwenyewe

Solange na Patient, mmeniomba niwaandikie namna ya kuendesha chumba cha kusomea, sasa kwa kuwa ufunguo mnao ninyi. Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika orodha ya vitabu, nikakumbuka kuwa orodha mnayo. Mara ya pili niliandika shukrani kwa parokia, nikasinzia mwenyewe kabla sijafika kwa paroko. Hii ni ya tatu, nami nimeamua kuandika yale ambayo hamtayakuta kwenye kabati.

Nilifika kazini hapa Muheto nikiwa msichana mwenye diploma na viatu vipya. Viatu vililiwa na tope mwezi wa kwanza. Diploma bado ninayo. Chumba kilikuwa hiki hiki, nyuma ya kanisa, upande ambao mvua inapenda kupiga. Papa Anselme, mwalimu mstaafu aliyekianzisha, alinipokea akiwa amekalia boksi la vitabu, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na alikiweka kwa ajili ya msomaji. Siku nzima hakunifundisha kitu. Alinipa riwaya nene ya Kifaransa, akaniambia nisome. Jioni nilipochukua mwavuli wangu, alisimama mlangoni.

"Unaenda wapi? Haujalipa."

Nikashika mfuko wangu kwa wasiwasi.

"Hapana franga, dada. Ulipe avis yako. Ile kitabu iko namna gani?"

Hiyo ndiyo desturi yetu, na naomba msiiache hata kama wakubwa wa Goma watawaletea kompyuta. Kwetu msomaji hatozwi chochote, lakini harudishi kitabu kimyakimya. Anakaa kwenye benchi, anatoa avis, yaani maoni yake, mbele ya wale wanaosubiri, ndipo anapewa kingine. Nimewaona watu wenye vifua vipana, waliokata miti mikubwa ya Walikale, wakitetemeka kwenye benchi lile kwa sababu ya riwaya ya mapenzi.

Sheria ya pili ya Papa Anselme ilikuwa chungu zaidi. Mtunza chumba hatoi maoni yake. "Weye ukisema ya kwako mbele," aliniambia, "batu batakurudilia tu maneno yako, sawa vile banaitikiaka ku misa." Basi nikanyamaza. Mnadhani ugumu wa kazi hii ni kubeba maboksi au kufukuza panya. Hapana. Ni kusikiliza mtu akikisifu kitabu kibovu, nawe unaandika kwenye daftari, unatabasamu.

Nisisahau vifaa, maana Patient huwa anatumia gundi kana kwamba anasiliba nyumba. Gundi yetu ni unga wa muhogo uliopikwa mwepesi. Ni nzuri sana, tatizo lake mende nao wanaipenda. Tia pilipili ya unga, kijiko kimoja, na msijipanguse macho. Uzi ni ule wa kushonea magunia, uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa. Jalada linatoka kwenye mfuko wa saruji, tabaka la ndani, lile safi. Sindano yangu nimewaachia kwenye kopo la maziwa, mkiipoteza, msinitafute.

Wasomaji wagumu mnawajua. Papa Musafiri, mkulima wa maharagwe wa hapo juu, amesoma karibu kabati zima na maoni yake hayajawahi kubadilika. Anakaa, anavua kofia, anasema, "Iko muzuri, ila iko murefu." Alisema hivyo kuhusu riwaya ya kurasa mia nne, akasema hivyo kuhusu kijitabu cha kunawa mikono. Kulikuwa pia na mwalimu mmoja, jina nalimeza, aliyerudisha vitabu viwili kila juma na kuzungumza maneno makubwa makubwa. Nilimshuku, lakini sikuwa na ushahidi. Papa Anselme akaninong'oneza, "Muulize, balikula nini mule ndani?" Nikamuuliza. Mwalimu akatoka jasho. Aliyesoma kweli hukumbuka chakula. Anaweza kusahau jina la shujaa, akasahau mji, lakini supu ile ya sura ya tatu anaikumbuka.

Swali hilo lilinifaa zaidi simu zilipofika milimani na filamu zikaanza kutembea kwenye flash, kutoka mfuko hadi mfuko. Watu wakaanza kutazama sinema iliyotengenezwa kutokana na riwaya, kisha wanakuja benchini wakijidai wamesoma. Nawauliza walikula nini. Wanakwama hapo hapo, kwa sababu katika sinema hakuna anayekula. Chakula kinaandaliwa, watu wanagombana, wanasimama, wanaondoka. Sijawahi kumwona hata mmoja akimaliza sahani yake.

Hata hivyo maoni juu ya sinema yalinichekesha kuliko yale ya vitabu, maana kila mtu alikuwa mtaalamu. Wakulima walikuwa wakali zaidi. Walitazama filamu moja ambamo shujaa analima shamba la baba yake akiwa na huzuni kubwa. Hakuna aliyeiona ile huzuni. Walitazama jembe. "Huyu hayalimaka hata siku moja," alisema Mama Furaha, "ona vile anashika mupini sawa muntu anashika nyoka." Akina mama wa kwaya walifuatilia kwenye simu ya mmoja wao seri, tamthilia ya vipindi vingi, iliyotokana na riwaya ambayo nilikuwa nayo kabatini, kurasa mia mbili tu, ikawachukua miezi. Walilalamika kwamba mama wa kwenye seri analia machozi ya kujaza bakuli, na rangi ya mdomo haitoki.

Mimi niliandika yote, nikafunga daftari. Sasa nimestaafu, kwa hiyo nasema: filamu ni wezi wa sura. Ukisoma, uso wa bibi arusi unauchagua wewe, na wengi mmempa uso wa mtu mnayemjua, msinifiche. Ukishatazama, basi, umepewa uso wa mwigizaji na huwezi tena kuurudisha. Vilevile safari. Kitabuni mtu anatembea kurasa arobaini, na wewe miguu inakuuma. Kwenye filamu anafunga mlango huku, anafungua kule, viatu vinang'aa. Mtu aliyewahi kutoka Mubi kuja hapa kwa miguu msimu wa mvua hawezi kuamini mambo hayo.

Ila sinema ina wema mmoja, na wema huo ndio ulioniumbua. Nafika huko.

Mnakijua Kitabu cha Dada Wawili. Jina lake la Kifaransa ni refu na hakuna aliyewahi kulitumia. Mama anakufa, mabinti wawili wanagombania nyumba, mkubwa anaondoka kwa hasira, mdogo anabaki akimwandikia barua zisizojibiwa. Ndicho kitabu nilichokipenda kuliko vyote, mpaka sura ya mwisho. Humo dada mkubwa anarudi baada ya miaka mingi. Anafika langoni. Anaona moshi wa jikoni, anasikia mdogo wake akikohoa ndani. Halafu anageuka, anakwenda zake, na mdogo hajui kamwe kwamba alikuja. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikasirika nikakitupa kitabu chini, mimi niliyekuwa nikiwagombeza watu kwa kukunja kona za kurasa.

Mwaka tuliokimbia vita, tulibeba vitabu kwenye magunia ya maharagwe, chini vitabu, juu maharagwe. Mvua ilitunyeshea njia nzima. Tuliporudi, Kitabu cha Dada Wawili kilikuwa kimeoza nyuma. Sura ya mwisho yote ilikuwa imegandamana ikawa donge, nami nikalikata kwa kisu. Papa Anselme alikuwa ameshafariki, Mungu amlaze pema, na sikuwa na wa kumwuliza. Wasomaji walikichukua hivyo hivyo, wakarudi wakinitukana. Nani anatoa kitabu kisicho na mwisho? Tumetoka kukimbia, tumerudi, na hata hadithi nayo imekatwa?

Nilikuwa na taipureta ya parokia, ile ambayo herufi yake ya e inaruka juu. Nikakaa siku nne. Niliukumbuka mwisho vizuri, naapa. Ningeweza kuuandika ulivyokuwa. Lakini miaka yote ile ya kumeza maoni yangu ilinipanda kooni. Dada mkubwa alipofika langoni, vidole vyangu vilikataa kumgeuza. Nikamwingiza. Mdogo wake anamwona, hasemi neno, anampa kisu na kumsogezea beseni la viazi, wanaanza kumenya. Basi, mwisho. Nikakata karatasi kwa kipimo, nikazipaka chai ya rangi zipate uzee, nikazishona. Wengine husema maoni yao kando ya kitabu. Mimi yangu niliyashona ndani.

Kuna aliyeuliza kwa nini e inaruka. Nikamjibu kwamba ndivyo wachapishaji wa Ulaya walivyo, kuelekea mwisho wanachoka. Alikubali. Mtu mwenye diploma anaaminiwa mambo mengi.

Kitabu kikatembea miaka. Mwisho wangu ukapendwa, nami nikiwa kama kuku aliyetaga mahali pasipojulikana, kimya, kifua mbele. Kisha kikafika mikononi mwa Mama Furaha, yule wa jembe. Mama huyu alifika darasa la sita, anasoma kwa kidole, na kitabu kilimchukua msimu mzima wa kupalilia. Kila mtu alijua kwamba yeye na dada yake mkubwa, Mama Riziki, aliyeolewa Buleusa, hawakuwa wamesalimiana kwa miaka minane. Mama yao alipofariki, Mama Riziki alichukua vitenge vyote vya marehemu kabla matanga hayajaisha. Mama Furaha alikuwa akisimulia habari za vitenge hivyo mpaka rangi.

Siku aliyorudisha kitabu alikaa benchini, amekikumbatia. Watu wakasubiri. Mwishowe akanyanyuka. "Nitalipa nikirudia," akasema. Akaondoka kwenda Buleusa, njia ya siku kadhaa, mguu na pikipiki, na tope lake lote. Juma la tatu alirudi na dada yake. Vitenge vilikuwa vimechakaa zamani, hakuna aliyevikumbuka. Tangu hapo Mama Riziki huja kila mavuno ya maharagwe, na mnawaona wenyewe wanavyokaa kwenye misa, bega kwa bega.

Nilipaswa kusema siku ile. Sikusema. Nilijiambia kwamba jambo jema lisichokonolewe, na ukweli ni kwamba niliogopa. Miaka yote niliwadai watu maoni ya kweli, halafu mimi ndiye niliyewalisha uongo uliotiwa chai. Kama lingejulikana, nani angeniamini tena na kitabu? Na Mama Furaha je, angefanya nini akijua kwamba alikwenda Buleusa kwa sababu ya taipureta?

Na hapo ndipo mnapoingia ninyi wawili, kwa nia njema, kama kawaida yenu. Mlitaka kuniaga kwa kitu cha kunishangaza. Mkapata habari kwamba kuna filamu ya Kitabu cha Dada Wawili, mkamwita Kaka Héritier kutoka Mubi, yule mwenye ukumbi wa video barabarani, aje na projekta na jenereta yake. Patient akaziba madirisha ya salle, ukumbi wa parokia, kwa mablanketi mchana kweupe. Solange akaniweka mstari wa mbele na ua kifuani. Jina refu lile la Kifaransa lilipotokea kwenye shuka nyeupe mliyoitundika ukutani, nilinyanyuka nusu, nikakaa tena. Ninyi mlidhani ni furaha.

Kulia kwangu walikaa Mama Furaha na Mama Riziki.

Filamu yenyewe haikuwa mbaya. Nyumba ilikuwa kubwa mno na dada wote wawili walikuwa wamelishwa vizuri mno kwa watu wenye huzuni, lakini salle ilitulia. Mpaka langoni. Dada mkubwa akasimama, akatazama moshi. "Ingia, mama!" watu wakampigia kelele. "Ingia, iko anamenya biazi!" Akageuka. Akaenda, vumbi, muziki, majina ya watu yakaanza kupanda. Watu walibaki wamekaa wakingojea viazi. Huo ndio wema wa sinema niliousema: mwisho wake hauozi kwa mvua.

"Bon," alisema Papa Musafiri, "mwisho iko wapi?"

"Mwisho njo ile, papa," alijibu Kaka Héritier.

"Njo ile nini? Umekata!"

Hapo salle ililipuka. Na msimlaumu mtu, kwa sababu wenye video wa kule barabarani hukata kweli. Mafuta ya jenereta yakikaribia kwisha, wanaruka kipande ili waonyeshe nyingine. Héritier mwenyewe hakukana tabia hiyo, na ndicho kilichomponza. "Nakataka zingine," alisema, amenyanyua mikono, "lakini hii, naapa mbele ya kanisa, sikukata!" Hakuna aliyemsikiliza. Wazee wawili walikuwa wameshaishika projekta. Ilikuwa ibaki Muheto, walisema, mpaka alete mwisho. Mtu mzima yule, mwenye masharubu na watoto watano wanaokula kwa mashine ile, alianza kutafuta kwa macho mtu wa kumtetea.

Nilisimama. Nikasema kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko nilivyotaka, "Film haikukatwa. Kitabu njo kilikatwa. Ile mwisho munajua, mimi njo niliandika."

Nikawaeleza yote, mvua, donge, taipureta, chai. Katekista akataka kujua ni vitabu vingapi vingine nilivyovitengeneza, nikaapa ni hicho kimoja. (Kurasa mbili za kile cha mapishi hazihesabiki, kulikuwa na kosa la chumvi.) Kisha Papa Musafiri akavua kofia yake, akafikiri. "Basi ya kwako iko muzuri," akasema. Akafikiri tena. "Ila iko mufupi." Salle nzima ikavunjika mbavu, wazee wakaiachia projekta, na Héritier akakaa chini akijipangusa uso kwa blanketi la dirishani. Ninyi mkatoka naye kwenda kuizima jenereta iliyokuwa ikinguruma pale nyuma. Mlidhani mambo yameisha vizuri, na tangu hapo mmekuwa mkiwasimulia watu kichekesho cha Mama Biblio, yaani mimi.

Hamkuona kwamba Mama Furaha hakucheka. Alikuwa amenyanyuka na kutoka, dada yake nyuma yake. Niliwafuata. Niliwakuta kwenye ukuta wa upande wa mvua, Mama Furaha amenipa mgongo.

"Weye njo uliandika ya kwamba anaingia?" aliniuliza bila kugeuka.

"Njo mimi, mama."

"Hata ile kisu na biazi?"

"Hata kisu."

"Mi nilienda Buleusa juu ya ile kisu." Sasa aligeuka, na sikuwahi kumwona na uso kama ule. "Nilisema, kama bale ba mu kitabu baliweza, mi ninashindwa nini? Miaka hii yote ninajua kuko batu kule mbali balifanya vile, na bakaandika. Kumbe hakuna batu. Ni weye tu, wa hapa nyuma ya kanisa."

Niliona kwamba nimemnyang'anya kitu, na sikujua kinaweza kurudishwa vipi. Nilimwomba msamaha.

Ndipo Mama Riziki alipoweka kikapu chake chini. Huyu mama ni mzito wa maneno. Katika mavuno yote aliyokuja kwetu sidhani nilimsikia akisema zaidi ya salamu.

"Mudogo wangu, acha huyu mama wa batu. Ile kitabu mi niliisomaka ku masista, mbele hata niolewe. Muzima, na mwisho yake. Nilijua haingiake, anarudia njia."

Mama Furaha alimtazama. "Ulijua?"

"Ulifika kwangu na tope mpaka mu magoti. Ukaniambia kitabu inasema dada mukubwa anaingiaka, ukaniuliza sasa mi mukubwa nafanya nini huku. Nikasema mu roho yangu: huyu, ao amesoma vibaya, ao kuko muntu amemudanganya."

"Na ulinyamaza."

"Ningesema nini? Rudia kwako, hakuna vile? Nilifunga mizigo."

Mdomo wa Mama Furaha ulitaka kulia, ukakataa, ukataka tena.

"Kumbe ulikuya na unajua."

"Nilikuya na najua," alisema Mama Riziki.

Akachukua kikapu chake. Mdogo wake akakishika mshikio wa pili, ingawa hakikuwa na kitu kizito ndani, wakashuka pamoja kuelekea mashambani. Hawakuniaga. Nilibaki nimeegemea ukuta, nikalia mpaka ua la Solange likalowa, na sikuona aibu.